Vicko na Abiria Aliyekataa Kushuka

Prošper alikufa mwezi wa Septemba, siku ya nne baada ya kurudi safarini, akiwa amejipaka povu la kunyolea na kunyoa shavu moja tu. La pili walimmalizia wanawake. Daktari alisema moyo. Padri alisema mapenzi ya Mungu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya feri. Vicko alisema, "Nimemuua mimi," ila alilisema hilo chini ya jeneza, kwa sauti ndogo, na nikalisikia peke yangu kwa kuwa tulibeba upande mmoja.

"Nyamaza, bwana, utatuangusha," nikamwambia. Prošper hakuwa mwepesi.

Huyo Vicko alizaliwa hapa hapa kisiwani, mjini Komiža, nyuma ya kiwanda cha sardini. Mama yake, Tereza, alipanga samaki kwenye makopo miaka mingi kiasi kwamba paka walikuwa wakimsindikiza kanisani, wakaketi mlangoni mpaka misa iishe. Vicko naye akaingia kiwandani, fundi wa mashine ya kufunga vifuniko. Alifunga vifuniko miaka ishirini na sita, hadi siku kiwanda chenyewe kilipofungwa, na kazi hiyo haikuhitaji fundi. Baadaye akashuka kwenye chumba cha injini cha feri ya kwenda Split, mji wa bara, akavuka bahari mara mbili kwa siku bila kuiona, hadi kustaafu. Hakuoa. Alichumbia mwanamke mmoja mpole kwa miaka kumi na mmoja, na mwishowe yule mama akahamia Australia, nadhani ili apumzike.

Alichokuwa nacho Vicko ni boti. Ya mbao, mita tisa, yenye injini ya dizeli inayokohoa kama shangazi mwenye urithi anayetaka akumbukwe. Aliipata ikiwa gofu. Yeye na Prošper waliifufua kwa vipindi vitatu vya baridi, ubao kwa ubao, kisha wakaiita *Tereza*. Mtu mzima, hana mke, na boti yake ina jina la mama yake: wewe waza mji mzima ulisema nini, kisha ongeza.

Prošper alikuwa tarishi. Kadi zote za posta alizisoma kabla hazijamfikia mwenyewe, na akikuonea huruma alikusimulia yaliyomo ili usihangaike kutafuta miwani. Wa tatu wetu ni Bartul, mwalimu wa fizikia, mtu asiyeamini chochote, na ambaye kila radi ikipiga hufanya ishara ya msalaba haraka haraka, ati mkono umezoea. Wa nne mimi, mpishi. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Septemba, wageni wakishaondoka na zabibu hazijaiva, sisi wanne tulipanda *Tereza*, tukaenda siku kumi: visiwa vya Lastovo, Mljet, Korčula, kisha nyumbani. Miaka thelathini na mmoja. Wake hawakuruhusiwa. Tulidai sisi ndio tuliotunga sheria hiyo. Ukweli ni kwamba waliitunga wao, na siku ya kuondoka walikuwa wakitupungia mikono kwa furaha isiyo na adabu.

Sasa lile la kumuua.

Nusu ya njia ya kwenda Lastovo kuna mwamba mtupu, na juu yake kanisa la Bikira, dogo kiasi kwamba padri akiingia inabidi Mungu atoke. Chombo chochote cha kwetu kikipita pale hupunguza mwendo, hupiga honi mara tatu, na bilauri ya kwanza ya mvinyo humwagwa baharini kwa ajili ya waliozama wasio na makaburi. Hakuna anayekuuliza kama unaamini. Hata Bartul huvua kofia, ati jua limepungua.

Mwaka ule Vicko hakusimama. Nyuma yetu ilikuja boti ya kukodi, ya plastiki nyeupe, ndefu kama ghorofa iliyolazwa, imejaa Wajerumani wekundu kama kamba waliochemshwa, na sote tulikuwa tunakimbilia ghuba moja yenye nafasi moja nzuri ya kutia nanga.

"Piga honi, Vicko," Prošper alisema.

"Tutampigia tukirudi."

"Bibi wa watu anasubiri."

"Amesubiri miaka mia tatu, hawezi kusubiri wiki?"

Prošper akacheka. "Haya. Lakini anayeandikwa kwenye daftari lake ni nahodha."

Nafasi tuliipata. Wajerumani walitutukana vizuri, kwa sarufi kamili. Wakati wa kurudi ukavuma upepo wa kusini, jugo, ukatusukuma upande wa pili wa visiwa, na mwamba hatukuupitia tena. Siku nne baadaye tarishi yuko sakafuni na povu shavuni.

Mizimu ya watu wengine husubiri usiku. Ya kwetu huja saa tisa alasiri, wakati mji mzima umelala baada ya chakula na hata mbwa hana nguvu za kubweka. Ilianza Novemba. Vicko alikuwa akishuka gatini saa hiyo kuangalia maji ya ngamani, sakafuni mwa boti, na akifika anakuta mto wa kiti cha tezini, nyuma ya boti, kiti cha Prošper, una joto kama umekaliwa. Harufu ya tumbaku ikitoka chini ya mbao. Vicko havuti. Siku moja akakuta njiti ya kiberiti imevunjwa katikati. Prošper akishawasha sigara alivunja njiti hivyo, kila njiti, maisha yake yote. Alisema barua moja iliwahi kuungua mfukoni mwake, na haikuwa barua ya kuungua.

Januari Vicko alinigongea mlango.

"Njoo ushike."

"Nishike nini, mzee? Nimelala."

"Mto."

Nilishuka naye. Upepo wa bura ulikuwa unachuna ngozi, kamba za boti zimeganda zikawa kama fimbo. Nikaweka kiganja kwenye mto wa Prošper.

"Jua," nikasema.

"Jua lipi?"

Nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa kama sufuria ya bati iliyofunikwa. Nikautia mkono mfukoni, na ulikaa na joto lile mpaka jioni. Tangu siku hiyo nami nilianza kupita njia ya juu, mbali na gati.

Kufikia kiangazi Vicko alikuwa amekonda hata suruali inamzunguka bila yeye kugeuka. Halali. Haendi kuvua. Anakaa gatini akiitazama boti yake kama mtu anayetazama nyumba yake ikikaliwa na mpangaji asiyelipa. Hapo ndipo akajitokeza daktari mmoja wa meno kutoka Zagreb. Aliitaka *Tereza* aiweke bustanini kwenye nyumba yake ya likizo, aijaze udongo, apande maua. Wamefanya hivyo wengi. Ukitembea pwani hii unaona boti za wazee wetu zimekaa nchi kavu na maua yamezitoka matumboni. Vicko hakumtukana, na hilo ndilo lililotutisha. Alimwambia, "Nitakujibu Jumapili nikirudi safarini."

Kwetu akasema hivi: "Tunakwenda mpaka mwambani. Nampigia Bikira honi zake, namwaga mvinyo, namwomba radhi. Prošper akishuka, boti ni yangu. Asiposhuka, maua."

"Kisayansi," Bartul akaanza.

"Kisayansi beba hilo dumu la maji."

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta Perina gatini. Perina ndiye mjane wa Prošper, mwanamke mfupi mpana, mwenye sauti inayofika kabla yake. Amevaa nguo nyeusi, ana kikapu, amekalia kamba yetu.

"Napanda," akasema.

"Shemeji," Vicko akasema, "unajua safari hii haipandi mwanamke."

"Imepanda maiti. Mimi ndiye nitakayeizamisha?"

"Nani kakwambia kuna..."

"Usinifanye mjinga, Vicko. Mji mzima unajua. Kwako anakuja?"

Vicko akaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza. Anakuja?"

"Anakuja."

"Anafanya nini?"

"Anakaa. Anavuta."

Perina akasimama. Nilidhani atalia. "Miezi kumi na mmoja namwekea sahani mezani," akasema. "Hajaja hata kukohoa. Miaka thelathini na minane nimemfulia soksi, nimemkanda mgongo, nimesikiliza magonjwa ya watu wote anaowapelekea barua, halafu anakufa anakwenda kwa Vicko! Hata mizimu ya wanaume ni ya kunywea tu. Pisha nipite."

Akapita. Akaenda moja kwa moja tezini, akauangalia ule mto, akaushika kwa viganja viwili kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Kisha akaketi pembeni yake, si juu yake, akaacha nafasi ya mtu mnene.

Hatukufika mbali. Kabla ya adhuhuri jugo ikaanza tena, ule upepo wa kunata unaovimbisha milango na vichwa. Watu wa kwetu jugo ikivuma hawaamui kitu, hawafungi ndoa, hawanyoi nywele. Tukajificha kwenye ghuba upande wa kaskazini wa kisiwa chetu wenyewe, siku mbili, boti ikijinyonganyonga kwenye nanga, mawimbi ya kijivu yakipita nje kama ng'ombe. Kila kitu kikawa na unyevu: mkate, chumvi, mawazo.

Siku ya kwanza, baada ya sardini za chumvi na mkate, nikachukua karata. Nikagawa. Nilipomaliza ndipo nilipoona nimegawa mafungu manne, na la nne nimeliweka mbele ya kiti kitupu.

"Samahani," nikasema, nikanyoosha mkono kuzichukua.

"Ziache," Perina akasema. "Mwache acheze."

"Shemeji, atachezaje?"

"Nitamgeuzia. Mimi sijui huu mchezo wenu, kwa hiyo simwibii mtu."

Prošper siku zote alicheza upande wa Vicko, kwa hiyo tukakaa hivyo: Vicko na kiti, mimi na Bartul. Perina akawa anageuza karata ya juu, bila kuangalia, akisukuma katikati kwa kidole kama mtu anayesukuma mende. Mzunguko wa kwanza wakatufunga. Bahati. Wa pili wakatufunga. Wa tatu Vicko akaanza kukonyeza. Unajua wenzi wa karata wana ishara zao: jicho hili, mdomo ule. Alikiangalia kiti, akainua nyusi, akavuta mdomo kushoto, ishara yao ya kuomba turufu kubwa kuliko zote. Hakuifanya kwa makusudi. Uso wake ulikwenda wenyewe.

Perina akageuza karata. Turufu kubwa kuliko zote.

Maji yalikuwa yakipiga ubavuni, pa, pa.

"Uwezekano wa jambo hilo kutokea," Bartul akasema, "ni mmoja katika..."

"Katika ngapi, mwalimu?"

"Nyamaza, nahesabu."

Bado anahesabu. Aliweka karata zake chini kifudifudi, akaenda omo, mbele kabisa ya boti, kukaa kwenye mvua.

Jioni ile, jua likiwa bado halijatua, jugo ikatutoa yaliyomo moyoni. Perina ndiye aliyeanza. Alikuwa anachambua maharage, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Nilifungua madirisha mawili."

"Madirisha gani?"

"Asubuhi ile. La jikoni na la chumba cha kunyolea. Yote mawili kwa pamoja, yanatazamana. Alikuwa ametoka jasho, na upepo ukampitia shingoni katikati. Mama yangu alinionya tangu nikiwa msichana: madirisha mawili ni jeneza. Nimemuua mimi."

Kwetu mtu anaweza kuvuka vita mbili akiwa hai na akafa kwa upepo wa madirisha. Hakuna aliyecheka.

"Hapana, shemeji," Bartul akasema kutoka omo. "Ni mimi. Siku ile ghubani aliniuliza kama mafuta ya nguruwe yanaziba moyo. Nikamwambia huo ni uzushi wa magazeti. Nilitaka nile naye. Alikula nusu kilo."

"Nusu kilo si kitu, Bartul," Vicko akasema kwa hasira. "Honi sikupiga mimi. Msiniibie!"

"Nani anakuibia? Wewe hata ndugu yake hukuwa!" Perina akasema.

"Mimi ndiye nahodha!"

"Na mimi ndiye mke!"

Wakawa wanagombania maiti kama warithi wanavyogombania shamba la mizeituni, kila mmoja anataka kipande kikubwa. Mimi nilitaka kutaja mchuzi wangu wa mkunga wa usiku wa mwisho, lakini foleni ilikuwa ndefu. Moshi wa tumbaku ulipita kati yetu, mwembamba, wa buluu, ukaelekea kwa kila mmoja kwa zamu, kama mtu anayetuangalia nyuso. Vicko akafunga macho. Perina akapanua pua, akauvuta ndani wote aliouweza.

Siku ya tatu upepo ukafa. Bahari ilibaki imejaa mawimbi marefu, laini, yenye ngozi ya mafuta, yasiyovunjika wala kutoa sauti. Tulifika mwambani saa tisa alasiri. Hatukupanga iwe hivyo. Hapakuwa na chombo kingine. Kanisa lilikaa juu pale na mlango wake mmoja mweusi. Vicko hakupunguza injini, aliizima kabisa, na ule ukimya ulipotushukia nilijua kwa nini watu hupiga honi pale. Mtu yeyote angetaka kelele.

Akapiga. Mara tatu.

Mwamba ukarudisha mwangwi. Mimi nilihesabu honi tatu na miangwi minne. Nikamtazama Bartul, na nikaona yeye pia amehesabu, kwa sababu alikuwa amekazia macho kamba za viatu vyake kama kijana anayeogopa kuitwa ubaoni.

Vicko akavua kofia. Akamimina, mvinyo ukamwagika nusu kwenye mbao na nusu baharini. "Mama," akasema, "mwaka jana nilikupita mbio kwa sababu ya Wajerumani. Nisamehe. Na wewe Prošper nisamehe." Kisha akavuta pumzi ili aseme yale ya mwisho. Ndiyo, kuna maneno. Huyasema nahodha, na ni mafupi: *Kunyweni, laleni, msitufuate.* Yasiposemwa, mvinyo ni mvinyo tu.

"Kunyweni," akasema. "Laleni, na..."

Perina akamshika mkono. "Usiseme hilo."

"Shemeji, ndivyo linavyosemwa."

"Usimfukuze."

"Perina, nataka kulala! Nataka kukaa kwenye boti yangu bila marehemu kunipulizia moshi! Nimechoka!"

"Nami nataka mume wangu. Wewe humtaki, mimi namtaka, nipe mimi!"

Hakungoja jibu. Akanyakua dumu la mvinyo, lita tano za mvinyo wangu mwekundu, akapiga magoti ukingoni na kumimina wote. Doa likatanuka juu ya mawimbi yale laini, likatuzunguka. Naye akainama mpaka nikamshika kamba ya aproni, akapaza ile sauti yake:

"Njoo nyumbani! Wanisikia? Njoo, chakula kipo, mlango uko wazi, na madirisha nimefunga!"

Sauti ikagonga mwamba, ikaenda, ikashuka. Bahari ikainua boti polepole na kuishusha, kama kifua.

"Ungemtaja jina," Bartul akasema kwa sauti ya chini.

"Ananijua sauti."

"Yeye, ndiyo. Huko chini wapo wengine," akasema Bartul.

Vicko alikwenda tezini. Akaweka kiganja kwenye mto, akakiacha hapo muda mrefu.

"Baridi," akasema.

Ulikuwa baridi kweli, na unyevu, kama kitambaa kilichosahaulika nje. Harufu ilikuwa ya dizeli na chumvi, harufu ya boti. Usiku ule tukiwa Lastovo Vicko alilala kwa saa kumi na moja mfululizo, akikoroma mpaka watu wa boti ya jirani wakahamisha nanga. Tulimaliza duru yote, Mljet, Korčula. Alikula. Alitania. Alimtongoza mama mmoja mwuza kapari, yale matumba ya siki, vibaya sana. Perina alikaa omo njia nzima akitazama upande wa nyumbani, na kila tulipotia nanga alikuwa akiuliza tutang'oa lini.

Jumapili, tukiwa bado hatujafunga kamba, Vicko akampigia simu yule daktari wa meno. "Ndugu yangu," akamwambia, "maua yako kayapande kwenye bafu." Kisha akaikumbatia ile injini, nasema kweli, akaikumbatia, akaja kwangu na mafuta mashavuni kama mtoto wa miaka kumi.

Basi yangeishia hapo, na mimi ningesema nimewaeleza maisha ya fundi vifuniko aliyeponea chupuchupu. Lakini Alhamisi tulikuwa tunakwangua rangi ubavuni mwa *Tereza*, yeye na mimi, saa tisa alasiri, simu yake ikalia. Sauti ya Perina niliisikia nikiwa upande wa pili wa boti.

"Vicko! Amekuja."

"Ee, shemeji! Mungu akubariki. Hongera."

"Kaja na mgeni."

Vicko akaacha kukwangua.

"Mgeni gani?"

"Nitajuaje? Amelowa. Sakafu yangu nzima ni maji ya bahari, kutoka mlangoni mpaka mezani. Ndivyo alivyo, miaka thelathini na minane, anaokota mtu barabarani saa ya chakula bila kunipa taarifa! Na mimi nimepika samaki mmoja." Kisha sauti yake ikabadilika, nikasogea ili niisikie. "Vicko. Njoo. Huyu simjui."

Vicko akakata simu. Akaangalia boti yake. Ilikuwa imekaa juu ya maji kwa wepesi, ubavu mmoja umekwanguliwa, haina mtu.

"Si lazima uende," nikamwambia. "Wako keshashuka. Huyo si wako."

"Ameitwa na chombo changu."

"Ameitwa na Perina."

"Nahodha alikuwa nani?"

Akanawa mikono kwa petroli, akanawa tena kwa sabuni, akavaa shati la kwenda kanisani ambalo huliacha botini kwa ajili ya mazishi ya ghafla. Nikamfuata. Mji ulikuwa umelala. Tulipanda ngazi zile za mawe, na kuanzia ya nne kutoka mlangoni zilikuwa zimelowa.

Perina alitufungulia akiwa na kitambaa cha kudekia mkononi. Madirisha yote yamefungwa, hewa nzito, inanuka mwani. Mezani kulikuwa na sahani tatu na mchuzi wa samaki katikati. Kiti cha Prošper kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kwa raha, kama anavyokaa mtu mnene aliyefika kwake. Kingine pembeni yake kilikuwa kimesogezwa karibu sana na meza. Chini ya hicho maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mbao za kiti, tone, tone, na kutoka mlangoni mpaka hapo zilikuja alama za miguu mitupu, myembamba, ya mtu ambaye bado angekua.

"Anakula?" Vicko akauliza.

"Onja mwenyewe."

Vicko akachovya kijiko kwenye sahani ile, akaweka ulimini. Alibaki nacho mdomoni.

"Bahari," akasema.

"Nimembadilishia mara tatu. Namwekea mchuzi, nageuka kuchukua mkate, narudi nakuta bahari."

Vicko akavua kofia. Alisimama mbele ya kile kiti kilicholowa namna alivyosimama mwambani. "Mimi ndiye nahodha," akakiambia. "Yale maneno sikuyamaliza. Kosa ni langu, si la huyu mama." Tone likadondoka. Akainama kidogo, kama unavyomwinamia mtoto wa mtu usiyemjua ukitaka akutajie kwao. "Sasa niambie, mwanangu. Siku ile pale mwambani, huko chini, mlisikia wangapi?"

Perina akamshika bega, na kitambaa kikamdondoshea maji kifuani mwa shati la kanisani.

"Usimwulize hilo, Vicko," akasema. "Nina viti sita tu."